Kwa Niaba ya Ukoo

Kama unasoma chuo na kwenu ni kijijini, iko siku utapigiwa simu uambiwe, "Njoo na kompyuta yako, kuna kikao." Hawakuiti utoe maoni. Wanakuita uandike. Mimi niliitwa mwisho wa muhula uliopita, nikapanda gari Mbagala Rangi Tatu hadi Kibiti, kisha nikaendelea kwa bodaboda na mwisho kwa miguu mpaka Mbuchi, huku viatu nimevishika mkononi kwa sababu delta ya Rufiji ikinyesha haijali umevaa nini. Nilifika jioni. Asubuhi yake nilikuwa nimekaa mkekani chini ya mwembe, kompyuta mapajani, betri asilimia 40, nikiandika muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu nyumba ya bibi yangu.

Nyumba yenyewe haiko Mbuchi. Iko Magomeni Kota, Dar es Salaam. Na bibi mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa amelala chumba cha ndani, hatua kama kumi kutoka tulipokaa, mlango wazi.

Kwa wale ambao habari ya Magomeni Kota iliwapita, nieleze kidogo. Zilikuwa kota za zamani, na familia 644 zilizokuwa zinaishi pale ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupisha ujenzi mpya. Ujenzi haukuanza. Watu wakahangaika kwenye vyumba vya kupanga mwaka baada ya mwaka, hadi 2016 Rais Magufuli alipofika pale na kuahidi kwamba Serikali itajenga yenyewe, na wakazi wale wa awali watarudi na kukaa miaka 5 bila kodi. Wakala wa Majengo, yaani TBA, ukapewa kazi. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akazizindua ghorofa zile, akaridhia wakazi wauziwe kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, na gharama ya ardhi isiingizwe kwenye bei. Bei zilizotajwa zilikuwa milioni 48 na ushee kwa nyumba ya chumba kimoja, milioni 56 na ushee kwa ya vyumba viwili. Ukijua kiwanja cha Magomeni kinauzwaje, utaelewa kwamba hapo Serikali imebeba mzigo mkubwa kuliko anaobebeshwa mnunuzi. Ruzuku imo ndani ya ardhi ambayo bibi yangu hakudaiwa.

Sasa hesabu mwenyewe. Tangu kuondolewa hadi kukabidhiwa funguo imepita miaka kama 10. Wapangaji wa kota hawakuwa vijana. Katika miaka 10 wazee hufa, wajane hubaki, watoto hugombana. Kwa hiyo swali la nani arithi mkataba halikusubiri nyumba ziishe kujengwa. Lilihamia pale pamoja na magodoro.

Kwetu ilikuwa hivi. Babu alitoka Mbuchi akiwa kijana, akafanya kazi bandarini, akapata chumba kota. Alifariki kabla ya watu kuondolewa. Bibi aliondolewa akiwa mjane, akaenda kupanga Mbagala na binti yake wa mwisho, shangazi yangu, ambaye alikuwa ametoka kwenye ndoa yake na watoto wawili na sufuria zake. Shangazi ni mama lishe. Miaka yote ile ya kungoja kodi alilipa yeye, dawa za presha za bibi alinunua yeye, na siku majina ya wakazi yalipohakikiwa, aliyempeleka bibi na kupanga naye foleni juani ni yeye. Waliporudi Magomeni 2022, walirudi wawili na wajukuu. Jina kwenye karatasi ni la bibi.

Mwaka jana bibi alipooza mguu na mkono. Akasema anataka kuumalizia ugonjwa nyumbani, na nyumbani kwake ni Mbuchi. Akaletwa. Hapo ndipo baba zangu wakubwa wakakumbuka kwamba kuna nyumba.

Niseme ukweli wa upande wangu, maana msomaji anaweza kudhani nina fungu. Sina. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Sisi ni Waislamu, na kwa faraidhi wana wa mwana aliyetangulia wanazuiwa na baba zao wakubwa walio hai. Nadhani ndiyo sababu nilichaguliwa kuwa katibu, niwe mtu asiye na maslahi. Lakini hata hilo si kweli kamili. Bumu likichelewa mimi hulala kwa shangazi Magomeni, nala wali wake, na sijawahi kulipa hata sahani moja. Kwa hiyo lisome andiko hili ukilijua hilo.

Kikao kilichukua saa mbili. Wanaume kumi na mmoja mkekani, wanawake watatu nyuma jikoni. Hoja ya baba mkubwa ilikuwa nyepesi: nyumba ni jasho la babu, babu ni wa ukoo, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo, mwanamke akiandikwa, kesho ataolewa tena na nyumba itaingia ukoo mwingine, basi iandikwe jina lake yeye, mkubwa, "kwa niaba ya ukoo." Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akauliza, "Na mama mwenyewe anasemaje?" Akajibiwa kuwa mama ni mgonjwa, asisumbuliwe. Nikaandika: *Wanafamilia wamekubaliana kwa kauli moja.*

Niliandika vizuri. Mwaka wa pili tulifundishwa namna ya kuandika kumbukumbu za vikao vya shule, zenye ajenda na maazimio na mengineyo. Nilikuwa nafurahia jinsi inavyopendeza. Kwenye orodha ya waliohudhuria niliweka watu wote, na shangazi nikamweka namba 13. Akaitwa atoke jikoni asaini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasaini. Baadaye, tukiwa tunaosha vyombo, akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi nimekubali?"

Ndiyo sababu naandika haya kwenye jarida letu badala ya kuandika kuhusu bei ya chakula kantini, ambayo pia ni wizi, lakini iko siku yake.

Nilichokifanya mimi mnakifanya wengi. Mhitimu au mwanachuo ndiye kalamu ya ukoo. Muhtasari wa kikao cha ukoo una nguvu kuliko tunavyodhani. Mtu akifariki, karatasi hiyo ndiyo familia inayokwenda nayo Mahakama ya Mwanzo kuomba mmoja wao ateuliwe msimamizi wa mirathi. Hakimu hakuwepo chini ya mwembe. Anachokiona ni maneno yako na saini. Ukiandika "kauli moja" wakati kulikuwa na kauli ya mtu mmoja na ukimya wa wengine, umetunga ushahidi. Sisi tunaosomea ualimu tunajua kutofautisha mwanafunzi aliyeelewa na mwanafunzi aliyenyamaza. Mbona chini ya mwembe tunasahau?

Halafu kuna makosa ya kisheria ambayo hata sisi wasomi tunayapigia muhuri. La kwanza, hakuna mirathi ya mtu aliye hai. Baba mkubwa alipoupeleka ule muhtasari wangu mjini kwenye ofisi moja, aliyempokea aliusoma akamuuliza, "Huyu bibi amefariki lini?" Akajibiwa hajafariki. "Basi mwiteni mwenyewe." Kikao chetu cha saa mbili kikaishia kwenye swali lile lile aliloliuliza mzee wa mkekani.

La pili, hata angekuwa amefariki, msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kutoa hesabu. Huku kwetu "msimamizi" husikika kama "mwenye mali mpya". Akishateuliwa, anabadilisha kitasa. Warithi wengine wanaanza kumwomba ruhusa ya kuingia kwenye fungu lao wenyewe.

La tatu ndilo gumu zaidi, na linahusu aina hii ya nyumba. Katika mkataba wa mpangaji mnunuzi, kwa kawaida nyumba haiwi yako hadi umalize kulipa. Kabla ya hapo ulichonacho ni haki ndani ya mkataba, na deni. Huwezi kukitoa kama unavyotoa mbuzi. Bibi akitaka kumpa shangazi, haitoshi kusema mbele ya mashahidi "nimempa", hata kama dini inaitambua hiba. Hiba inataka uwe na kitu na ukikabidhi ukiwa hai, na hapa kitu bado kina mwenyewe mwingine. Lazima muuzaji akubali kumbadilisha mnunuzi. Wasia nao una mpaka. Kwetu Waislamu hauvuki theluthi na haumwendei mrithi mpaka warithi wenzake waridhie, na shangazi ni mrithi. Kwa hiyo bibi akifa leo bila kubadilisha chochote, watagawana wote, kaka fungu mara mbili ya dada. Na deni? Hapo mkekani hakuna aliyelitaja. Jasho la babu lilitajwa mara tano. Nilihesabu baadaye kwenye faili langu.

Nataka kuwatendea haki baba zangu. Si watu wabaya. Wanalima mpunga kwenye udongo ambao ukiingia maji chumvi unakufa, wanavua kambamiti, nyumba zao ni za miti na udongo, na mafuriko ya 2024 yaliwaonyesha wote jinsi kila walichonacho kinavyoweza kuondoka wakiwa wanakitazama. Kwa mtu wa hivyo, ghorofa ya Magomeni ni kitu pekee cha ukoo kisichoweza kuchukuliwa na maji. Hofu yao kwamba itauzwa si ya kijinga. Mjini tunawaona watu wanaozunguka na fedha taslimu wakitafuta mkataba wa nyumba ya bei nafuu, na anayeununua huandikwa "mjukuu" au "mpwa". Nyumba iliyopunguzwa bei kwa ajili ya familia iliyosota miaka 10 inaishia kwa mtu ambaye hakusota hata wiki. Kwa hiyo mamlaka zikiwa kali juu ya kuhamisha jina, naziunga mkono.

Lakini ukali usiotofautisha watu unamwumiza mtu wa kweli. Mpwa wa kununuliwa na binti aliyeishi na mama yake miaka 15 si mtu mmoja, na kuwatofautisha si kazi ngumu: waulize majirani, mjumbe wa shina, mwenye nyumba wa Mbagala aliyekuwa anapokea kodi. Kipimo changu ni hiki. Ruzuku ilitolewa kwa sababu kaya fulani iliteseka. Basi inapohama, ihame ndani ya kaya iliyoteseka, kwa mtu aliyeishi ndani yake. Ukoo haukuteseka Mbagala. Shangazi ndiye aliyeteseka.

Najua nitaambiwa: je, kaka zake wakose kabisa, na dini inawapa? Hapana. Sisemi shangazi apate zaidi ya fungu lake katika mirathi. Nasema bibi yuko hai na ana akili timamu, mdomo unaongea, mkono mmoja unafanya kazi. Mwenye haki ya kuamua kuhusu mkataba wake ni yeye. Ya mirathi yatakuja na wakati wake. Na kama ni hoja ya "mwanamke atapeleka mali ukoo mwingine", nchi hii ilishaipatia jibu kabla sijazaliwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilisikiliza shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake Bernardo Ephraim akapinga kwa kusema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikasema mila hiyo ya kubagua haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Kabla ya hapo, 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikuwa imekubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bado amri ya sheria za kimila ya 1963, inayomweka binti daraja la tatu katika urithi nyuma ya kaka zake wote, haijafutwa. Tunaishi na vyote viwili, hukumu nzuri na karatasi ya zamani, na mkekani inayoshinda ni ile ambayo katibu ameamua kuiandika.

Magomeni si peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliwauzia watumishi wake maelfu ya nyumba kwa sharti la kutoziuza kabla ya miaka 25. Muda huo sasa unafika ukingoni, na wengi wa walionunua ni wastaafu au marehemu. Msomera, Handeni, nyumba zimejengwa kwa waliohama Ngorongoro kuanzia 2022, katika jamii ambayo mume mmoja anaweza kuwa na wake watatu. Nyumba ni moja, jina ni moja. Wale wake wengine wameandikwa wapi? Hata huko Mbuchi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili, lakini nenda kahesabu hati za kimila zenye majina mawili.

Ombi langu kwa wenye kuandaa mikataba hii ni dogo na halihitaji bajeti. Siku mtu anaposaini kununua nyumba ya ruzuku, awekewe ukurasa mmoja zaidi: nani anaishi na wewe leo, nani atachangia kulipa, na nani ungependa aendelee na mkataba usipokuwepo. Kama ana mwenza, mwenza asaini pia, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inakataza kuitoa nyumba ya ndoa, hata kwa zawadi, bila ridhaa ya mwenza. Ukurasa huo usifute faraidhi wala sheria nyingine yoyote. Uonyeshe tu nia ya mtu akiwa mzima, ili siku ya kikao kuwe na sauti yake mkekani. Angekuwa nao bibi mwaka 2022, baba mkubwa asingeniita.

Kwetu sisi ombi ni tofauti. Wanafunzi wa sheria mnaoendesha msaada wa kisheria, acheni kutusubiri tuje na kesi iliyoharibika. Njooni hosteli kabla ya likizo mtufundishe wasio wanasheria namna ya kuandika muhtasari: kuuliza kila mtu kwa jina lake, kuandika aliyekataa na aliyenyamaza, kumwandika aliye jikoni kuwa alikuwa jikoni. Saa moja inatosha. Nitaleta karanga.

Muhtasari wangu wa kwanza siwezi kuufuta. Nakala anayo baba mkubwa, na moja naambiwa iko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nimeandika barua ya kurasa mbili kueleza kwamba neno "kauli moja" nililiandika mimi bila kuwauliza watu wote, nimeisaini. Wiki iliyopita nilimpigia bibi kupitia simu ya shangazi. Anazungumza polepole, lakini anazungumza. Nilimuuliza anataka nini kuhusu Magomeni. Akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja sasa, akasema, "Mbona wewe ndiye wa kwanza kuniuliza?" Kisha akanijibu, na alichonijibu si changu kukiandika hapa. Atakisema mwenyewe mbele ya wanawe.

Tumekubaliana nishuke Mbuchi mitihani ikiisha, na wino wa dole gumba niubebe mimi. Ilibidi nimwarifu baba mkubwa, maana siwezi kuingia kwake kama mwizi. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata barua. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Lakini hiyo kompyuta yako iache hukohuko."